Kabla Hujampelekea Mtendaji Mkungu wa Ndizi

Kama una jambo linalosubiri uamuzi wa ofisa, usimpelekee kitu. Usimpelekee ndizi, wala kuku, wala kifurushi cha senene. Subiri uamuzi utoke, na hata ukishatoka usikimbilie kushukuru kwa mkono. Msomaji mwenye haraka ya kuwahi kuanua kahawa anaweza kuishia hapa, ushauri wenyewe ameshaupata. Yanayofuata ni kwa yule atakayeuliza, na Karagwe na Kyerwa wengi watauliza: tangu lini mkungu wa ndizi ukawa rushwa?

Swali ni halali. Huku mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Mgeni akibisha hodi huwekewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida iliyomleta, na anayerudi mjini hufungiwa mkungu nyuma ya pikipiki, awe ameuomba au hakuuomba. Mweleze mzee wa Nkwenda kwamba nesi aliyemzalisha mkwewe hastahili heshima hiyo kwa kuwa tu analipwa na serikali, atakuona umepotoka. Na ukimfungulia sheria ili umwonyeshe, sheria nayo itakuangusha.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, inamkataza kiongozi kuomba au kupokea fadhila za kiuchumi. Ingeishia hapo tusingekuwa na la kujadili. Lakini inaendelea na kuacha dirisha wazi: zawadi ndogondogo zinaruhusiwa, ukarimu wa kimila unaruhusiwa, na manufaa mengine yenye thamani ndogo. Sasa hiyo ndogo, ni ndogo kwa nani? Mbuzi mmoja kwa mbunge ni kitoweo cha jioni moja. Kwa mjane wa Mabira ni sare, viatu na madaftari ya watoto wote. Kanuni zikiweka kiwango cha shilingi, kiwango hicho hupitwa na wakati, na bado kinaacha swali la bei ya wapi. Mkungu wa matoke unaochukuliwa kwa bei ya kutupa pale Kayanga wakati wa msimu, ukishushwa soko la Mabibo, Dar es Salaam, ni mali nyingine kabisa. Na huo ukarimu wa kimila, ni mila ya nani? Sheria haisemi.

Pengo hili limeshatuumiza kama taifa, na si mara moja. Mwaka 2000 Bunge liliingiza katika Sheria ya Uchaguzi vifungu vilivyosema kuwa kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi hakihesabiwi kuwa ni hongo kwa wapiga kura. Wananchi hawakuchelewa kukipa jina: takrima. Pilau, khanga, fulana, vyote vikawa ukarimu wa jadi, hata pale ambapo mgombea mwenyewe hakujulikana kijijini mpaka wiki ya kampeni. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na asasi za wanasheria LEAT na NOLA, wakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2006 majaji watatu, Kimaro, Massati na Mihayo, wakavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka Katiba. Hoja iliyokaa katikati ya hukumu ile ni rahisi kuielewa hata kwa asiyesoma sheria: vifungu havikuweka mpaka kati ya takrima na rushwa, na mgombea mwenye pesa akapewa ruhusa ya kuwa mkarimu kuliko maskini.

Mfano wa pili ulikuja 2014, na sisi wa Kagera tuliufuatilia kwa karibu zaidi kwa sababu majina yalikuwa ya kwetu. Februari mwaka huo Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi, alipokea shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa James Rugemalira wa VIP Engineering, fedha zilizotokana na mauzo ya hisa za kampuni ya umeme ya IPTL. Mwenyewe alieleza kuwa ulikuwa mchango kwa shule ya wasichana ya Barbro Johansson, ambayo alikuwa akiichangishia. Desemba 22, 2014, Rais Kikwete akizungumza na wazee wa Dar es Salaam alitangaza kumwondoa uwaziri, na mwaka uliofuata shauri likafika Baraza la Maadili chini ya Jaji Hamisi Msumi. Wengine waliopata mgawo kutoka mkono uleule walisema ulikuwa msaada. William Ngeleja, aliyewahi kuwa Waziri wa Nishati na Madini, alizirudisha shilingi milioni 40.4 kwa TRA Julai 2017, miaka mitatu na ushee baada ya kuzipokea.

Mimi sina haja ya kumhukumu mtu yeyote kati yao. Ninachokiona ni kwamba mjadala wote ulizunguka mambo ambayo mkulima wa Kyerwa anaweza kuyauliza juu ya kuku wake: imeingia akaunti ya nani, aliyetoa ana biashara gani na serikali, nani mwingine alijua wakati inatolewa. Ukubwa wa fedha uliwashangaza watu, lakini hata ingekuwa laki moja maswali yangebaki yaleyale. Kwa hiyo ukitaka kujua kama zawadi yako ina usalama, acha kuipima kwa kilo. Angalia faili la nani liko juu ya meza ya nani.

Hapo tukumbushane kwamba sheria hii ya 1995 inawahusu wale inaowaita viongozi wa umma: mawaziri, wabunge, wakuu wa mikoa na wilaya, wakurugenzi, madiwani na wa ngazi zinazofanana na hizo. Nesi wa zahanati, bwana shamba na mtendaji wa kijiji wanabanwa na kanuni za maadili ya utumishi wa umma. Karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, si mtumishi wa serikali. Wengi wanadhani basi karani yuko huru. Hayuko. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, inamshika mtu yeyote anayepokea manufaa kwa ajili ya kazi anayomfanyia mwajiri wake, awe serikalini au kwenye ushirika. Na inamshika anayetoa pia. Kifungu cha 15 kinataja faini ya kati ya shilingi laki tano na milioni moja, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Kisha kuna jambo ambalo watu hulisahau: kifungu hicho hakiishii kwenye kishawishi cha kabla ya kazi, kinagusa pia tuzo ya baada. Ile "asante ya mzee" inayopelekwa jioni, baada ya hati kusainiwa asubuhi, haijasalimika kwa kuchelewa.

Tuanze na mizani, maana hapo ndipo fedha ya wilaya zetu mbili inapopita. Tuseme umefika kituo cha AMCOS na magunia manne ya kahawa ya maganda. Foleni ni ndefu, mawingu yanakusanyika upande wa Uganda, na karani anaonekana anachagua nani apimwe kwanza. Mwenzako anamnong'oneza, anamwachia kilo mbili "za chai", gunia lake linapanda mizani. Anayeziacha kilo mbili huhesabu kwamba amenunua muda. Hajui kwamba amemfundisha karani bei, na msimu ujao wa nyuma yake wataanzia kilo tatu. Ushauri wangu: soma mizani mwenyewe, kabla ya gunia kupanda na baada ya kushuka, andika kilo kwenye simu yako pale pale, dai stakabadhi yenye kilo zilezile, na kama kuna makato yoyote uliza yamepitishwa na mkutano mkuu upi. Wewe ni mwanachama. Karani ni mtu uliyemwajiri wewe, hata kama siku ya foleni inaonekana kinyume chake. Katika ushirika hakuna mila ya kumkirimu mwajiriwa wako ili akupimie mali yako.

Kwenye ardhi mambo ni magumu zaidi, na sitajifanya kuwa ni mepesi. Mgogoro wa mpaka wa kibanja huwakusanya wazee chini ya migomba, na tangu zamani wazee hawasuluhishi wakiwa na koo kavu. Rubisi huletwa. Leo usuluhishi huo ni kazi ya baraza la ardhi la kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Je, rubisi bado ni ukarimu? Nadhani inategemea ni ya nani na imekuja lini. Dumu lililoletwa na upande mmoja, usiku wa kuamkia kikao, nyumbani kwa mjumbe mmoja, hata mlevi anajua ni la nini. Dumu lililochangiwa na pande zote mbili sawasawa, likaletwa mbele ya wote baada ya mapatano kuandikwa na kutiwa dole gumba, hilo nisingelipigia kelele. Hata hivyo, kama ningekuwa mjumbe, ningeomba yaletwe maji na kahawa ya kutafuna, na rubisi ikanywewe kwa jirani siku nyingine. Pande mbili zinapogombea mguu mmoja wa ardhi, aliyeshindwa hutafuta sababu, na dumu ni sababu inayoonekana kwa macho.

Hospitalini na zahanati, fahamu kwanza kipi ni bure. Huduma kwa mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali hazilipiwi. Vivyo hivyo polisi: dhamana haiuzwi. Malipo halali ya serikali siku hizi huja na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, na fedha huingia benki au kwenye mtandao wa simu, wala haiingii mfukoni mwa mtu. Ukiambiwa "weka tu elfu kumi kwenye namba yangu", umeshapata jibu la swali lako. Na kama moyo wako unawaka shukrani kwa wauguzi waliomwokoa mtoto, subiri mgonjwa aruhusiwe, kisha peleka mkungu wako mchana kweupe, ukabidhi kwa mganga mfawidhi kwa ajili ya wote, mbele ya watu. Usimtafute nesi mmoja nyuma ya jengo. Barua ya pongezi kwa mganga mkuu wa wilaya itamfaa nesi huyo kuliko kuku, kwa sababu barua huingia kwenye jalada lake.

Sasa kadi za harusi. Hapa ndipo naona sheria inavunjwa kwa tabasamu pana kuliko pote. Ofisa ana binti anaolewa. Kamati imeundwa, kadi za mchango zimechapishwa zenye maua pembeni. Moja inafika kwa mwenye duka pale Omurushaka ambaye leseni yake iko mezani kwa ofisa huyohuyo, nyingine kwa fundi aliyeomba zabuni ya kujenga choo cha shule. Kadi imeandika "kiasi chochote", na mpokeaji anajua kabisa kwamba kiasi chochote si kiasi chochote. Sheria inamkataza kiongozi kupokea, na inamkataza kuomba pia. Kadi ni ombi. Kupita mkononi mwa mwenyekiti wa kamati hakuligeuzi kuwa kitu kingine. Kwa mwenye duka nasema hivi: kama mnafahamiana na ofisa kabla hajawa ofisa, changia kile ambacho ungemchangia jirani yeyote, kwa mweka hazina, jina na kiasi viandikwe kwenye orodha inayosomwa hadharani. Kama ulimjua kupitia faili lako, irudishe kadi kwa adabu. "Shikamoo mzee, nawatakia harusi njema, lakini nina shauri langu ofisini kwa mzazi, nisingependa watu wamfikirie vibaya." Sentensi hiyo inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe, na ofisa mwenye akili ataishukuru. Rambirambi za msiba zifuate njia hiyohiyo.

Wapo watakaosema, huku sote ni ndugu. Ni kweli.  Lakini undugu wa karibu si ukoo mzima, wala mkwe wa shangazi, wala mliyebatizwa pamoja. Undugu wa kweli una historia: mlipeana vitu kabla ya cheo, mtapeana baada ya cheo, na vitu huenda pande zote mbili. Zawadi inayopanda tu na haijawahi kushuka si ya kindugu.

Ziara za wakubwa nazo. Mkuu wa wilaya anakuja Kaisho, na mtendaji anapita nyumba kwa nyumba kukusanya elfu mbilimbili za "chakula cha wageni". Uliza muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha mchango huo na uliza stakabadhi. Kama hakuna hata kimoja, huo si mchango. Kijiji kikiamua chenyewe kumzawadia mgeni mbuzi, mkuki au kikapu, jambo hilo lifanyike jukwaani, liandikwe kwenye muhtasari kwamba kijiji kimetoa na ofisi imepokea. Wenzetu wa Kenya waliliweka hili kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 76: zawadi anayopewa ofisa wa dola kwenye hafla ya umma ni mali ya Jamhuri. Laiti na sisi tungeandika kwa ufupi namna hiyo.

Na kwa kuwa mila ndiyo ngao ya kila mtu, tuitazame mila yenyewe vizuri. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant waliingia Karagwe wakitokea kusini, njiani wakiwa wametozwa hongo na mtawala mmoja baada ya mwingine: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Walipovuka mpaka wa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, hawakutozwa. Vijiji vilipewa amri na mfalme viwalishe wageni kwa gharama yake, na ni baada ya kupokewa kwenye makao yake ya Bweranyange ndipo zawadi zikaanza kupita kati ya mwenyeji na wageni. Kwa maneno mengine, katika ukarimu wa Karagwe mwenye mamlaka ndiye aliyefungua ghala lake kwa asiye nayo. Mtendaji anayekaa kwenye kiti akisubiri kuku wa mtu mwenye shida asilitaje jina la mila hiyo.

Nawageukia ninyi mnaoletewa. Najua mkungu unaweza kukukuta mlangoni, aliyeuleta ameshaondoka, na kumrudishia bibi mwenye fimbo kilomita sita ni ukatili. Nunua daftari. Andika: "Tarehe 14, mkungu mmoja, umeletwa na mama wa kitongoji fulani, hana shauri ofisini, umepikwa na kuliwa na watumishi wote." Au: "Ana shauri la mpaka, umerudishwa kupitia mwenyekiti wa kitongoji." Mwonyeshe mkuu wako wa kazi kila mwisho wa mwezi, asaini. Fedha usipokee kwa jina lolote lile, iwe nauli, soda au mafuta ya pikipiki, maana fedha haina mila ya kujifichia. Kiongozi anayewajibika kutoa tamko la mali na zawadi aisome fomu yake kabla hajafungua kifurushi, na akiwa na shaka aiandikie Sekretarieti ya Maadili, apate jibu kwa maandishi.

Waishio mpakani, kuanzia Murongo kushuka na Mto Kagera, wana tatizo jingine: ofisa anayewauliza vitambulisho ana nguvu ya kuwasumbua hata wakiwa na haki. Hapo zawadi huwa haitolewi kwa upendo, hutolewa kwa woga. Kama umedaiwa kitu, usilipe kwanza ukalalamike baadaye. Ukishalipa na wewe umeingia kwenye kosa, na ushahidi umepotea. Omba muda, "nipe mpaka kesho mkubwa nitafute", ondoka, kisha piga 113, namba ya TAKUKURU isiyotozwa, au nenda ofisi yao ya wilaya ukiwa bado hujatoa kitu. Wao ndio wenye utaratibu wa kuweka mtego kwa fedha zenye alama. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inakulinda usijulikane, ila ulinzi wa kwanza ni mdomo wako: usimsimulie mtu wa kijiweni. Beba mambo haya: jina au cheo cha aliyeomba, siku na saa, maneno aliyotumia kama alivyoyasema, kiasi, na nani aliyekuwepo. Ujumbe wa simu usiufute, na ukilazimika kubadilisha simu, nenda nao kwanza ofisini waupige picha.